Chanda Chema na Pete: Maisha ya Mchezaji Aliir Aliir

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Methali hii hupendwa sana na watungao habari za wachezaji mashuhuri, kwa kuwa huwawezesha kueleza mambo mengi kwa neno moja: fulani alikuwa hodari, basi akafanikiwa. Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza zaidi. Vyanda vyema ni vingapi, na pete ni ngapi? Tena ni nani azigawaye, na kwa kanuni gani? Katika makala haya nataka kuipima methali hiyo kwa maisha ya mtu mmoja aliyezaliwa Afrika ya Mashariki, akapata sifa katika mchezo ambao wengi wetu hatujauona kwa macho, yaani mpira wa Kiaustralia.

Yafaa kwanza tuueleze mchezo wenyewe. Ulizaliwa mjini Melbourne, na kanuni zake za kwanza ziliandikwa mwaka 1859, miaka minne kabla ya chama cha kandanda cha Uingereza kuandika zake. Kila upande huwa na wachezaji 18 uwanjani. Uwanja una umbo la yai, na mpira vivyo hivyo. Mchezaji aweza kuushika mpira, kukimbia nao, kuupiga teke au kuugonga kwa ngumi. Kuutupa ni kosa. Kila mwisho wa uwanja husimama milingoti minne. Mpira uliopigwa teke ukipita kati ya ile miwili mirefu ya katikati huleta pointi 6. Ukipita kando yake huleta pointi 1. Adakaye mpira uliopigwa teke na kusafiri angalau mita 15 pasipo kuguswa, huachiwa nafasi aupige kwa utulivu. Kwa sababu hiyo watu warefu, wepesi wa kuruka na wenye jicho la kukadiria, hutafutwa sana.

Aliir Aliir ni mtu wa namna hiyo. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, katika nchi kame ya Waturkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Jamaa zake walitoka kusini mwa Sudani, walikoviacha vita vilivyowaka tangu 1983. Kambi yenyewe ilikuwa imefunguliwa mwaka 1992, na wakazi wake wa kwanza walikuwa pamoja na maelfu ya vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudani hadi Ethiopia, na kutoka huko hadi Kenya. Kuzaliwa mahali hapo hakukumpa mtoto uraia wa nchi iliyomhifadhi.

Nayaandika haya Nkwenda, na mwaka huo wa 1994 si mgeni kwetu. Mwishoni mwa Aprili, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Wengine walipokelewa katika kambi za Karagwe, wilaya ambayo wakati ule bado ilijumuisha Nkwenda, maana Kyerwa ilimegwa baadaye, mwaka 2012. Katika kambi hizo nazo walizaliwa watoto, nao walicheza mpira wa matambara kama watoto wengine wote. Mwezi Desemba 1996 umati huo ulirejeshwa Rwanda, na mashamba yakaota mahali palipokuwa na mahema. Basi, mtoto wa Kakuma na watoto wa kambi zetu walikuwa wa rika moja. Ni nini kilichowatenganisha?

Jibu la kwanza si miguu, bali karatasi. Australia ilikuwa na mpango wa kuwapokea wakimbizi waliochaguliwa, na Aliir alifika huko akiwa na umri wa miaka minane hivi, akakulia Brisbane, jimbo la Queensland. Jibu la pili ni klabu za mitaani. Alijifunza mchezo huo katika klabu ya Aspley, kisha akaenda upande wa magharibi wa nchi kuchezea East Fremantle. Jibu la tatu ni utaratibu wa uchaguzi. Katika ligi kuu ya Australia, klabu huchagua vijana kwa zamu, na iliyoshika mkia hutangulia. Kijana hachagui, huchaguliwa. Mwaka 2013 Sydney Swans walimchukua akiwa wa 44.

Hata hivyo tusije tukamdhulumu mwenyewe kwa kuyasifu mazingira tu. Misimu ya 2014 na 2015 ilipita yote asicheze hata mechi moja ya ligi kuu. Alianza mwaka 2016, akang'ara katika ulinzi, kisha akaumia goti katika nusu fainali. Fainali wenzake waliicheza bila yeye, wakashindwa na Western Bulldogs kwa pointi 89 kwa 67. Mwishoni mwa 2020 alihamia Port Adelaide, na mwaka uliofuata akateuliwa katika kikosi bora cha Australia nzima. Mwezi Julai 2023 aligongana vichwa na mwenzake, akarudishwa uwanjani pasipo kupimwa ubongo ipasavyo. Klabu yake ikatozwa faini. Hapo twaona kwamba pete nayo hubana: mchezaji wa kulipwa hula kwa mwili wake, na mwili huo wapaswa kulindwa na wengine.

Methali yetu, basi, ni kweli nusu. Chanda chema huvikwa pete pale penye pete, na mkono ukiweza kuufikia mlango wa sonara. Habari za Aliir zimeandikwa kwa sababu aliufikia. Za wenzake wa Karagwe hazijaandikwa, wala hatuna haki ya kudhani kwamba hawakuwamo hodari miongoni mwao. Wazee waliowauzia ndizi, waliowafundisha na waliocheza nao wangali hai katika vijiji vyetu. Mwanafunzi mwenye daftari na subira aende akawaulize sasa. Akichelewa, atakuta makaburi.