Ukimya Usio na Jangwa: Kumsikiliza Mungu Kisii na Nyamira

Mapokeo ya Kikristo kuhusu ukimya yalikulia Afrika, lakini yalikulia jangwani. Antonio wa Misri, aliyezaliwa katika karne ya 3, aliacha kijiji chake akaenda kuishi mbali na watu, na waliomfuata walijifunza kuomba mahali pasipo na jirani wa kubisha hodi. Vitabu vya ibada bado vinamshauri msomaji vivyo hivyo: jitenge, panda mlimani, tafuta faragha. Ushauri huo unagonga mwamba ukifika Kisii na Nyamira. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, na wengi wao ni wakulima wa mashambani. Shamba la babu limekatwa kwa wana, likakatwa tena kwa wajukuu, hata mlango wa huyu unatazamana na jiko la yule. Ukipanda mlimani utakuta boma la mtu na migomba yake. Kwa hiyo nadai kwamba katika nchi ya Gusii, yaani kaunti hizi mbili, ukimya wa kumsikiliza Mungu hauwezi kutegemea mahali. Ukipatikana, utakuwa ukimya wa saa fulani, na majirani ndio watakaopeana saa hiyo.

Dai hili lina msingi katika historia ya eneo lenyewe. Wakatoliki walifungua misheni Nyabururu mwaka 1911. Waadventista, waliokuwa wamefika Gendia mwaka 1906, walipanda hadi Nyanchwa miaka michache baadaye. Pamoja na shule na zahanati walileta Sabato, ambayo mpaka leo hupanga wiki ya sehemu kubwa ya Nyamira. Ijumaa mchana maji huchotwa, kuni hupasuliwa, chakula cha kesho hupikwa, na jua likizama kazi husimama. Jumamosi, vikapu vya Wasabato vya kuchumia chai hubaki vimetundikwa, hata kama majani yamekomaa. Mwanafalsafa wa Kiyahudi Abraham Joshua Heschel, katika kitabu chake cha 1951 kuhusu Sabato, alishikilia kwamba utakatifu wa siku hiyo hukaa katika wakati kabla ya kukaa katika mahali. Sijui eneo linaloithibitisha hoja hiyo zaidi ya milima ya Gusii. Mjane mwenye robo ekari hawezi kununua faragha, ila anaweza kuwa na siku, mradi walio jirani naye waiheshimu.

Hapo ndipo palipoharibika. Siku iliyokusudiwa kupumzisha masikio imekuwa na kelele kuliko siku ya soko. Kwaya hupewa spika, mhubiri hupewa spika, na kanisa la ng'ambo ya bonde hujibu kwa spika kubwa zaidi. Usiku wa kesha na matanga jenereta hunguruma hadi alfajiri. Sauti ya binadamu ina kikomo chake: koo huchoka, na anayeimba kwa nguvu hujua anaimba kwa ajili ya nani. Kipaza sauti hakichoki, nacho huwapelekea mahubiri wagonjwa, watoto wachanga na watu wa dhehebu jingine ambao hawakuyaomba. Ajabu ni kwamba kanuni za Kenya za kudhibiti kelele, za mwaka 2009, ziliweka mahali pa ibada katika kundi la viwango vya chini kabisa: desibeli 40 mchana na 35 usiku. Waliozitunga walilihesabu kanisa miongoni mwa wanaostahili kulindwa. Kinachofaulu kunyamazisha spika, kwa kweli, ni mvua ya alasiri. Inapopiga mabati kwa nguvu, mhubiri hujaribu sentensi mbili tatu, kisha hufunga Biblia na kuketi, na waumini wote hukaa bila kuambiwa lolote wala kuombwa kuitikia. Wengi huchukulia dakika hizo kuwa ibada imekatizwa. Mimi nazihesabu kuwa sehemu ya ibada, pengine ile pekee ambayo hakuna aliyeipanga.

Pingamizi la kwanza ni kwamba ninaleta mazoea ya watawa wa Ulaya kwa watu ambao dini yao ni wimbo, obokano (kinubi cha Wagusii) na makofi. Lina uzito, na historia inalipa nguvu: hata Wakweka, waliojulikana Uingereza kwa ibada ya kimya, walipoanzisha misheni Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902 kupitia Wamarekani, walijenga kanisa la nyimbo na mahubiri. Lakini pingamizi hili linasahau mengi. Aliyeandika mojawapo ya vitabu vinavyosomwa sana leo kuhusu ukimya ni Kardinali Robert Sarah, mwana wa kijiji cha Guinea. Na Wagusii wenyewe wana chinsoni, adabu inayomfundisha mtoto tangu mapema mambo yasiyosemwa mbele ya baba na namna ya kuzuia macho na ulimi mbele ya wakwe. Watu waliolelewa hivyo hawahitaji kufundishwa na mgeni kwamba kunyamaza ni njia ya kumheshimu aliyepo. Wala sidai nyimbo zikome. Wimbo uimbwe, kisha uachwe uishe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ukimya wa Gusii umewahi kuficha damu. Mwezi Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani, Kisii, kwa kudaiwa kuwa wachawi, na mwaka 2008 watu 11 walichomwa kwa tuhuma kama hizo. Mtu anaweza kuuliza: je, anayeketi peke yake akisubiri sauti hawezi kusikia hofu yake mwenyewe na kuiita Mungu? Anaweza. Ndiyo sababu kisa cha Samweli kinafaa hapa kuliko kile cha Eliya aliyemsikia Mungu peke yake pangoni. Samweli aliisikia sauti usiku asiitambue, akamkimbilia mzee Eli, na mzee huyo ndiye aliyemweleza afanye nini. Kusikiliza kulikuwa kwa mtu mmoja, kutambua kukawa kwa wawili. Uvumi wa uchawi hauendi hivyo: hupita mdomo kwa mdomo, hukusanya kundi, na hauachi nafasi ya mtu kuuliza. Anayejua mpango wa mauaji akanyamaza hatafuti kumsikiliza Mungu, anamkimbia jirani.

Linabaki swali la nani aanze kupunguza kelele. Serikali ina kanuni, lakini askari anayezima spika ya kanisa huleta ugomvi, na ugomvi una kelele zake. Wenye uwezo ni mabaraza ya wazee wa makanisa, kwa sababu wao ndio wanaonunua vyombo na kupanga vipindi. Msabato aelekeze spika zake ndani Jumapili asubuhi wakati Wakatoliki na Wapentekoste wako ibadani. Nao wazime zao jua linapozama Ijumaa. Mkesha wa matanga uimbwe kwa koo baada ya saa nne usiku. Wanaokaa bonde moja wanaweza kukubaliana hayo katika kikao kimoja, kabla ya mchango wa jenereta nyingine kutangazwa.