Kiputo cha Hewa katika Historia ya Sindano ya Insulini

Kiputo cha hewa kilichomo ndani ya insulini hakimdhuru mgonjwa kikiingia mwilini. Insulini huchomwa kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, si kwenye mshipa wa damu, na hewa kidogo inayopita humo hufyonzwa tu. Hasara yake iko kwenye kipimo: pale palipokaa hewa, dawa haikukaa. Ukubwa wa hasara hiyo umekuwa ukibadilika kila vifaa vilipobadilika, tangu mwaka 1922 hadi leo.

Tarehe 11 Januari mwaka huo, mjini Toronto, Kanada, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 mwenye kisukari, alichomwa dondoo la kongosho lenye insulini, lililotokana na kazi ya watafiti Frederick Banting na Charles Best. Lilikuwa mililita 15, nusu tako hili na nusu lile. Dondoo lilikuwa chafu, likamwachia jipu; nafuu ilikuja siku 12 baadaye alipochomwa lile lililosafishwa na James Collip. Katika ujazo mkubwa hivyo, kiputo cha ukubwa wa punje ya mtama, yaani kama mililita 0.03, kilikuwa si kitu.

Mambo yaligeuka dawa ilipozidi kusafishwa na kukolezwa. Baadhi ya insulini za mwanzo zilizouzwa madukani zilikuwa na yuniti 20 katika kila mililita, kisha zikaja za 40 na 80. Marekani ilianza kutumia insulini ya yuniti 100 kwa mililita mwaka 1973, na Uingereza ikafuata mwaka 1983. Ukolezi mmoja uliondoa mkanganyiko mbaya wa alama za mabomba, ambapo mstari uleule ulimaanisha yuniti moja kwa dawa hii na nne kwa dawa ile. Lakini kiputo nacho kilipata uzito. Punje ileile ya hewa, ambayo katika insulini ya yuniti 20 haikufikia hata yuniti moja, sasa ilichukua nafasi ya yuniti tatu. Kwa mtoto anayechomwa yuniti sita, hiyo ni nusu ya dozi.

Ustadi wa kukiondoa ulizaliwa enzi za mabomba ya kioo, yaliyochemshwa sufuriani na sindano zake kunolewa kwenye kinoo. Mgonjwa huvuta kwanza hewa sawa na kipimo chake na kuisukuma ndani ya kichupa, kwa sababu kichupa kilichopungukiwa hewa hunyonya dawa irudi, na katika mvutano huo viputo huongezeka. Kisha kichupa hupinduliwa, ncha ya sindano ikabaki chini ya uso wa dawa, bomba likagongwa taratibu kwa ukucha hadi viputo vipande juu, vikasukumwa kichupani, dawa ikavutwa upya. Insulini ya mawingu iitwayo NPH, iliyotoka Denmark katika maabara ya mtafiti Hagedorn mwaka 1946, iliongeza sharti lingine: huviringishwa viganjani, haitikiswi, maana ikitikiswa hufanya povu. Baadaye mabomba ya plastiki yenye sindano iliyoshikamana nayo yaliondoa ule uwazi wa shingoni uliokuwa ukificha hewa.

Wazo la kalamu ya insulini lilianzia Glasgow, Uskoti. Daktari Sheila Reith alikuwa na binti mdogo mwenye kisukari, akaijua vizuri tabu ya kupanga chupa, bomba na spiriti wakiwa safarini. Yeye na wenzake, akiwemo John Ireland, walitengeneza Penject na kuieleza katika jarida la Lancet mwaka 1981. Ndani yake lilikaa bomba la kawaida lililojazwa mapema, kwa hiyo kazi ya kutoa hewa ilibaki palepale. Mwaka 1985 NovoPen ya Denmark ilikuja na katriji ya mililita 1.5 iliyojazwa kiwandani.

Hapo kiputo kikabadili tabia. Pistoni ya kalamu husonga umbali uliopangwa, na hewa ikiwa mbele yake hubonyea kwanza, kisha hutanuka polepole na kuendelea kusukuma dawa. Anayechomoa sindano mapema huona tone linaning'inia nchani. Tone lile ni sehemu ya dozi yake, ndiyo maana hufundishwa kuhesabu hadi kumi kabla ya kuchomoa. Hewa huingia hasa sindano inapoachwa kwenye kalamu: insulini ikipoa hunywea na kuvuta hewa ndani, ikipata joto hutanuka na kuvuja. Katika insulini ya mawingu hasara ni mara mbili, kwani maji yakivuja na chembe zikabaki, ukolezi wenyewe huharibika.

Kanuni iliyokubalika ni kuweka sindano mpya, kuelekeza ncha juu, kuigonga kalamu, na kubonyeza yuniti mbili hadi tone litokee. Anayejichoma mara nne kwa siku humwaga yuniti nane, na kwa anayenunua dawa kwa fedha yake kishawishi cha kuziruka kinaeleweka kabisa. Lakini kalamu isiyotoa tone haijamhakikishia mtu kwamba dawa inapita.

Kalamu haikuvifukuza vichupa. Katika hospitali nyingi za umma za Kenya na Tanzania insulini bado huvutwa kwa bomba la yuniti 100. Mwaka 2024 hospitali za umma za Afrika Kusini zilikosa kalamu za insulini ya binadamu baada ya mtengenezaji kuacha kuzipeleka, na wagonjwa waliozizoea kwa miaka wakarudishwa kwenye kichupa. Ilibidi wajifunze upya, wengine wakiwa wazee wasioona vizuri, kusukuma hewa kabla ya kuvuta dawa na kutafuta viputo kwenye bomba jembamba kuliko penseli.