Harufu ya pombe isimnyime mgonjwa huduma ya dharura

Ubaguzi fiche ni hukumu anayoitoa mtu bila kukusudia, kutokana na fikra zilizojengeka akilini mwake kuhusu watu wa aina fulani. Katika chumba cha majeruhi, ambako maamuzi hufanywa kwa dakika chache, hukumu hiyo yaweza kugharimu uhai.

Mfano wa wazi ni mgonjwa anayenuka pombe. Anapofikishwa hospitalini akipayuka na kuyumbayumba, ni rahisi mhudumu kudhani kwamba usingizi utamtoa ulevi. Hata hivyo, dalili hizo hizo huletwa na kuvuja damu ndani ya fuvu, upungufu wa sukari mwilini au sumu. Aidha, pumzi ya mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa huweza kudhaniwa kuwa ya mlevi ilhali hajaonja hata tone.

Kaunti ya Embu ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika vibaya Mei 2014, pombe haramu yenye methanoli ilipoua makumi ya watu nchini na kuwapofusha wengine. Aliyekunywa methanoli huonekana mlevi wa kawaida mwanzoni. Kuona ukungu, kutapika na kupumua kwa kasi mara nyingi hutokea baada ya saa 12 hadi 24. Akiwahiwa, hupewa dawa ya kuzuia sumu, na ikibidi damu yake husafishwa kwa mashine. Akiachwa alale, huenda asiamke.

Kumhimiza mhudumu awe na utu ni jambo jema, lakini hakutoshi. Kinga bora ni kipimo kimoja kwa wote: mpigo wa moyo, shinikizo la damu, pumzi, joto, sukari na kiwango cha fahamu, ambacho kwa mizani ya Glasgow huhesabiwa kuanzia 3 hadi 15. Vipimo hivyo, wala si mavazi au harufu, ndivyo huamua nani atangulie, na hurudiwa hadi mgonjwa apate nafuu.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinaharamisha kumnyima mtu matibabu ya dharura. Nayo Sheria ya Afya ya 2017 iliweka faini isiyozidi Sh3 milioni kwa kituo kinachokosa kuyatoa ilhali kina uwezo.

Wanaomleta mgonjwa, iwe ni Maua, Meru mjini au Runyenjes, waeleze alikunywa nini, saa ngapi na iwapo alianguka. Kisha waulize: amepimwa sukari?