Mwelekeo wa Bei: Kinachosukuma Ni Nini?

Kila msimu, karani anapomaliza kupima gunia la mwisho kwenye kituo cha kununulia chai karibu na Litein, swali ni lile lile: "Mwaka huu bonasi itakuwa ngapi?" Karani hawezi kutaja kiasi. Anachoweza kueleza ni mwelekeo wa bei.

Wachumi na wanahabari wetu hutumia istilahi hii kwa jinsi bei ijayo inavyoonekana kutokana na hali ya leo. Wengine husema utabiri wa bei, wengine matarajio, lakini maneno haya si pacha. Utabiri hutaja litakalokuwa. Matarajio hukaa moyoni mwa anayengoja. Mwelekeo umetokana na kuelekea: una mahali unapotoka, upande unakokwenda, na kitu kinachousukuma. Anayetaja mwelekeo asitaje kinachousukuma, amesema nusu ya neno.

Tuangalie rodi, metali adimu ya jamaa ya platini. Chembe zake, ambazo kwa kawaida hazifiki hata gramu moja, hupakwa ndani ya kopo la kusafisha moshi chini ya gari la petroli, kama yale yanayobeba abiria kati ya Kericho na Bomet. Mwaka 2016 aunsi moja ya rodi, yaani gramu 31.1, iliuzwa chini ya dola 1,000. Machi 2021 ilikaribia dola 30,000. Kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa imeporomoka chini ya dola 5,000.

Bei ilipaa kwa sababu Uchina na Ulaya zilikaza sheria za moshi wa magari, na mapema 2020 mlipuko ukaharibu mtambo wa Anglo American Platinum nchini Afrika Kusini, nchi inayotoa zaidi ya robo tatu ya rodi ya dunia. Tena rodi haichimbwi peke yake. Hutoka pamoja na platini. Bei ikipaa, hakuna wa kufungua mgodi wa rodi kesho yake. Magari ya umeme, yasiyotoa moshi, huivuta bei chini, huku migodi ya platini inapopunguza kazi huivuta juu. Huo ndio mwelekeo uliotajwa kikamilifu.

Mkulima wa Bomet anajua kwa mikono yake kwamba mali haiongezeki mara bei inapopaa. Mche wa chai hukaa kama miaka mitatu kabla ya kuanza kuchumwa vizuri, kwa hiyo bei nzuri ya leo haiongezi majani leo. Amri nayo haitoshi. Julai 2021 chai ya wakulima wadogo iliwekewa kiwango cha chini kabisa cha bei, dola 2.43 kwa kilo, katika mnada wa Mombasa. Wanunuzi wakasita, chai ikarundikana kwenye maghala, na mwaka 2024 kiwango hicho kikaondolewa.

Ndiyo maana naumia nikiona mtu amekopa karo kwa kutegemea bonasi aliyoisikia njiani. Aliuziwa matarajio kwa jina la mwelekeo. Afadhali swali la kituoni liwe: Chai kiasi gani imebaki Mombasa bila kuuzwa? Pakistani na Misri wananunua? Shilingi imesimamaje mbele ya dola? Karani akijibu hayo matatu, mkulima atapima mwenyewe kama huu ni mwaka wa kukopa au wa kungoja.