RAM kiasi gani inatosha gemu? Historia ya swali linalokula pesa zetu

Wiki jana mpwa wangu alinipigia simu jioni, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye dharura. "Anko, nisaidie. Nataka kununua RAM ya 32." Nikamuuliza ya nini. "Ya gemu, anko. Hii ya nane haitoshi, GTA inakwamakwama." Nani amekwambia haitoshi? "Jamaa wa duka." Akanitajia bei, nami nikanyamaza kidogo. Nilipoanza kazi, pesa hizo zingenilipia kodi ya nyumba miezi miwili.

Nikamwambia asinunue kitu mpaka nifike. Wacha niwaeleze kwa nini.

Mwaka 2005 nilikuwa mwanafunzi, na mimi na mwenzangu wa chumba tulikuwa na kompyuta ya mitumba, Pentium III yenye megabaiti 128 za RAM. Tulitaka kucheza Vice City. Kwenye boksi la gemu hiyo kima cha chini kimeandikwa megabaiti 128, kwa hivyo tukaamini tuko sawa. Haikwenda. Fundi mmoja akatuambia tatizo ni RAM, tuongeze 256. Nikatoa shilingi 3,500 kwenye pesa za matumizi alizonipa mama, pesa ambazo alikuwa amezipata kwa kuuza maziwa. Tukaweka, tukawasha, mashine ikasoma 128 tu kati ya zile 256 mpya. Chipu zake zilikuwa na msongamano ambao bodi yetu ya zamani haikuutambua, ikasoma nusu. Na hata hiyo nusu haikusaidia, kwa sababu shida yenyewe ilikuwa mahali pengine kabisa: hatukuwa na kadi ya michoro. Picha zilikuwa zinachorwa na chipu dhaifu ya kwenye bodi, ambayo juu ya udhaifu wake ilikuwa inakopa kipande cha RAM ileile. Fundi alikataa kurudisha pesa. Mwezi huo tulikula sukuma na ugali hadi nikachoka na rangi ya kijani. Mama sikumwambia mpaka leo.

Tangu siku hiyo swali la RAM limekuwa kama ugonjwa kwangu. Nimekuja kugundua kwamba ni swali la zamani sana, na kwamba watu wamekuwa wakilijibu vibaya tangu mwanzo.

Tuanzie mbali kidogo. Atari 2600, mashine ya gemu iliyotoka Marekani mwaka 1977, ilikuwa na baiti 128 za RAM. Si kilobaiti, baiti! Ujumbe mmoja mfupi wa simu ukijaa hauenei humo. Lakini watu walitengenezea gemu mle ndani na zikauzwa kwa mamilioni. Agosti 1981 ikaja kompyuta ya IBM. Prosesa yake, 8088, ilikuwa na njia 20 za anwani, na hizo zinafikia megabaiti moja tu, basi. IBM wakaigawa: kilobaiti 640 za programu, na 384 za juu zikatengewa skrini na vifaa vingine. Kuna maneno Bill Gates anasingiziwa kila mwaka, ati alisema 640 zinamtosha kila mtu. Mwenyewe amekana, na hakuna aliyewahi kuonyesha aliyasema wapi. Lakini mpaka wa 640 ulikuwa wa kweli, na uliwatesa wacheza gemu zaidi ya miaka kumi.

Mateso yenyewe yalikuwa hivi. Ungeweza kuwa na megabaiti nne kwenye mashine, na bado gemu ikakataa kufunguka ikidai kumbukumbu haitoshi. Ilitaka nafasi ndani ya zile 640 za chini, na humo tayari wameshakaa DOS yenyewe, programu ya kipanya, ya kadi ya sauti, ya CD. Mwaka 1991 MS-DOS 5 ilileta njia ya kuwahamishia baadhi ya wapangaji hao juu. Watu wakawa wanakesha wakihariri faili ya CONFIG.SYS, wakipanga mstari upi utangulie, wapate kilobaiti tano zaidi. Wengine walikuwa na flopi ya kuwashia kompyuta kwa ajili ya kila gemu. Ultima VII ya mwaka 1992 ilikuwa na mtindo wake wenyewe wa kushika kumbukumbu, ikagombana na EMM386, ambayo ndiyo programu watu walitegemea kwa kazi hiyohiyo. Angalia basi: RAM ipo, imelipiwa, na gemu haiioni. Shida haikuwa wingi, ilikuwa nani amekalia wapi.

Sasa tuje kwenye hadithi ninayoipenda kuliko zote. Tarehe 4 Julai 1993 kiwanda cha Sumitomo Chemical kilichoko Niihama, Japani, kililipuka na kushika moto. Kiwanda hicho hakikutengeneza RAM. Kilitengeneza gundi, resini ya kufunikia chipu, na kilikuwa kinatoa karibu asilimia 60 ya resini hiyo duniani. Habari ilipotoka, bei ya kumbukumbu ikaruka ghafla kila mahali, ingawa chipu zenyewe hazikuwa zimeungua hata moja. Miezi mitano baadaye, tarehe 10 Desemba 1993, id Software wakaachilia Doom. Ilitaka megabaiti nne, wakati megabaiti moja inauzwa kwa makumi ya dola. Watu wengi walinunua RAM kwa sababu ya gemu hiyo moja, tena katika kipindi kibaya kabisa cha kununua.

Je, Doom ilihitaji hizo nne kweli? Hapa kazi yangu ya kuandika programu inanisaidia, kwa sababu mwaka 1997 id walitoa msimbo wake wazi na mtu yeyote anaweza kuusoma. Fungua faili inayoitwa z_zone.c. Doom ikianza, inaomba kipande kimoja kikubwa cha kumbukumbu, halafu inakigawa yenyewe. Kila kitu kinachoingia kinapewa alama. Vitu vingine ni vya lazima, haviguswi. Vingine, kama picha za kuta na za maadui, vinaweza kupewa alama ya PU_CACHE, maana yake: kaa hapa, lakini nafasi ikihitajika utafukuzwa, na ukitakiwa tena utasomwa upya kutoka kwenye diski. Mwenye megabaiti nane alikuwa na vitu vingi vilivyobaki ndani. Mwenye nne alicheza gemu ileile, ila diski yake ilikuwa inakoroma mara kwa mara.

Ndugu msomaji, kama utashika kitu kimoja tu leo, shika hicho. Programu iliyoandikwa vizuri inatumia kumbukumbu inayoikuta. Ukiona gemu imejaza gigabaiti 14 kwenye mashine ya 16, haina maana kwamba inahitaji 14. Huenda ingeishi na tisa bila wewe kujua tofauti. Kutumia na kuhitaji ni vitu viwili, na kati yao ndipo pesa zetu zinapopotelea.

Walaghai walilijua hilo mapema. Agosti 1995 ilitoka Windows 95, kima cha chini megabaiti nne, na mwenye nne alilia machozi. Kampuni moja ya Marekani, Syncronys, ikauza programu iitwayo SoftRAM 95, ikidai inaongeza RAM yako mara mbili bila kununua chipu. Zaidi ya nakala laki sita zilinunuliwa. Wataalamu walipoifungua wakakuta haibani chochote, inaonyesha tu namba kubwa zaidi kwenye skrini. Tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliingilia kati na programu ikaondolewa madukani. Cha kuchekesha (au kuliza) ni kwamba mwaka 1996 bei ya RAM halisi iliporomoka, na Quake ilipotoka Juni mwaka huo, ikitaka nane kwa DOS na 16 kwa Windows 95, wenye subira walinunua RAM ya kweli kwa bei nafuu.

Baada ya hapo namba zilikimbia. Half-Life, 1998, megabaiti 24. Doom 3, 2004, megabaiti 384. Crysis, 2007, gigabaiti moja kwenye XP na moja na nusu kwenye Vista. Hiyo nusu ya ziada si ya gemu, ni kodi ya Windows mpya. Halafu tukagonga ukuta mwingine, ndugu yake yule wa 640. Mfumo wa biti 32 unahesabu anwani hadi gigabaiti nne tu, vifaa vingine vikimega sehemu yake, na kwa kawaida Windows ilimpa kila programu mbili. Nawakumbuka wateja walioweka RAM ya nne kwenye XP wakaona 3.2, wakaja juu kwamba wameibiwa. Hawakuibiwa. Walinunua nyumba yenye chumba kisicho na mlango.

Kuna mwamuzi mwingine ambaye watu hawamtaji: mashine za sebuleni. Xbox 360 ya 2005 ilikuwa na megabaiti 512, na PlayStation 3 ya 2006 ilikuwa na 256 za kazi na 256 za michoro. Kwa kuwa gemu nyingi kubwa zilitakiwa kuingia humo, kompyuta zilipumua miaka minane hivi. Kisha Novemba 2013 zikaja PlayStation 4 na Xbox One zenye gigabaiti nane, na kizuizi kikatoka.

Mwezi huohuo ikatoka Call of Duty: Ghosts. Kwenye kompyuta ilidai gigabaiti sita, na haikuwa ushauri: gemu ilihesabu RAM yako, na ikikuta pungufu inakataa kufunguka. Watu wakaenda kununua. Wengine, wabishi kama mimi, wakaondoa ule ukaguzi kwa ujanja wao, wakacheza vizuri tu na nne. Haikupita muda watengenezaji wakatoa sasisho lililoondoa sharti hilo. Wale walionunua za ziada hawakurudishiwa kitu.

Siwaambii kwamba RAM haina kazi. Ikipungua kweli, Windows inaanza kuandika vitu kwenye diski, na diski kuu ya kuzunguka ni polepole kuliko RAM karibu mara laki moja. Hapo gemu inasimama, inakwenda, inasimama. Ila ukishapita kiasi kinachohitajika, kuongeza hakukupi hata picha moja zaidi kwa sekunde. Cyberpunk 2077 ilitoka 2020 ikitaka nane, na mwaka 2023 kima hicho kikapandishwa hadi 12, na 16 zikapendekezwa. PlayStation 5 ina 16, na hizo zinagawana kazi na michoro. Mimi nikiulizwa leo nasema 16 kwa gemu nyingi. Anayesema 32 ni lazima, muulize anauza nini.

Na kosa la kununua usichohitaji limekuwa ghali tena. Mwaka 2025 viwanda vikubwa vya kumbukumbu vilielekeza nguvu kwenye chipu za vituo vya akili bandia, na bei ya RAM zetu za kawaida ikapaa. Desemba mwaka huo Micron walitangaza kwamba wataacha biashara ya Crucial, jina ambalo wengi wetu tumelinunua kwa miaka. Safari hii hakuna kiwanda kilichoungua.

Turudi kwa mpwa wangu. Nilifika Jumamosi, nikafungua Task Manager huku GTA V inaendelea nyuma. (Toleo la 2015 linataka nne, na nane ndiyo pendekezo.) Gemu ilikuwa imeshika gigabaiti tatu na kitu. Kivinjari chake, chenye kurasa zaidi ya arobaini zilizofunguliwa, kilikuwa kimeshika zaidi ya hapo. Diski ilikuwa asilimia 100. "Funga hizo kurasa." Akazifunga, kwa uchungu kidogo, gemu ikalainika mbele ya macho yake.

"Lakini anko, mimi nazitumia hizo kurasa."

Sawa, hiyo ni hoja. Nikafungua mfuniko, nikakuta RAM moja ya nane na nafasi ya pili iko tupu. Chipu ya michoro yake inakopa RAM, kwa hivyo mbili za nane zinazofanya kazi sambamba zingemfaa kuliko moja kubwa. Tukaenda mjini tukapata nyingine ya nane iliyotolewa kwenye kompyuta ya ofisi iliyotoka Uingereza, kwa sehemu ndogo ya ile bei ya kwanza. Muuzaji akanyoosha mkono apokee pesa. Nikamwambia tuwashe kwanza. Tukaiweka pale pale kwenye meza yake, mpwa wangu akabonyeza kitufe, ikasoma 16. Nikalipa.