Gereza la Ulinzi wa Juu

Ukitafuta fleti Lavington, Nairobi, dalali hachelewi kukuonyesha nyaya za umeme juu ya ukuta, kamera za langoni na askari wanaopokezana zamu usiku na mchana. Hapa, atakwambia, ulinzi ni mkali. Jioni ukifungua redio, maneno yale yale yanatajwa kwa Kamiti: "gereza lenye ulinzi mkali". Ulinzi wa Lavington unamzuia wa nje asiingie; wa Kamiti unamzuia wa ndani asitoke.

Kwa taarifa ya habari istilahi hiyo, tafsiri ya "maximum security prison", inatosha. Kwa shughuli za magereza inapwaya, kwa sababu kinachotajwa si ukali bali daraja. Mfungwa hupimwa kwa uzito wa kosa, urefu wa kifungo na hatari ya kutoroka, ndipo apangiwe gereza. Kamiti, Naivasha, Shimo la Tewa na Manyani yamo katika daraja la juu. Sasa jaribu kulitaja la daraja linalofuata: gereza lenye ulinzi mkali kidogo? Ndiyo maana napendelea "gereza la ulinzi wa juu", maana hapo hapo unapata "ulinzi wa kati" na "ulinzi wa chini". Watanzania husema Gereza Kuu, kama Ukonga au Butimba, lakini "kuu" hutaja ukubwa na cheo. Ulinzi unabaki wa kukisia.

Novemba 2021 wafungwa watatu wa makosa ya ugaidi walitoroka Kamiti. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alimfuta kazi Kamishna Mkuu wa Magereza, Wycliffe Ogallo, na wafungwa hao wakanaswa Kitui siku chache baada ya kutoroka. Kusema wametoroka kwenye "ulinzi mkali" ni kujikanusha: ungekuwa mkali wangetokaje? "Ulinzi wa juu" haupati aibu hiyo, kwani ni jina la daraja, hata kama zamu ya usiku ililala fofofo.

Juu ya daraja hilo Wamarekani wana jingine. Katika gereza la Florence, Colorado, lililofunguliwa 1994, mfungwa hukaa peke yake selini kwa takriban saa 23 kwa siku. Hilo ndilo la "ulinzi wa juu kabisa". Kamiti wafungwa huketi darasani pamoja na kufanya mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari humo humo, kwa hiyo mwandishi anayelibandika "kabisa" analipa sifa isiyo yake.