Mikono Minne, Kinywa Kimoja

Katika miji ya Marekani ya karne ya 19, mwanamke mwenye heshima zake hakwenda kwa daktari wa meno peke yake. Daktari alikuwa mwanamume, mlango ulifungwa, na tangu dawa ya usingizi ya etha ilipoonyeshwa hadharani mjini Boston mwaka 1846, mgonjwa aliweza kulala fofofo kitini mbele ya mtu asiye ndugu yake. Ilibidi mume au jamaa amsindikize. Asipopatikana wa kumsindikiza, alibaki na maumivu yake.

Mwaka 1885 daktari wa meno wa New Orleans, C. Edmund Kells, alimwajiri Malvina Cueria, kisha akaweka tangazo dirishani kuwajulisha wapita njia kwamba ndani yumo mwanamke. Wagonjwa wa kike wakaanza kuja wenyewe. Ndiyo maana Cueria hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza kufanya kazi ya msaidizi wa daktari wa meno.

Aliajiriwa ili aonekane, si kwa ujuzi wake. Lakini wasaidizi wa namna yake hawakukaa bure: walisafisha vifaa, wakachanganya dawa za kuziba meno, wakapanga miadi na kutunza hesabu. Na kila mtambo mpya ulipoingia, kazi yao iliongezeka.

Kells mwenyewe alipenda mitambo. Mwaka 1896, miezi michache tu baada ya Wilhelm Röntgen kugundua eksirei, alikuwa tayari anapiga picha za meno. Aliupima mwali kwa kuweka mkono wake mwenyewe mbele ya mashine. Mionzi ikamla vidole, kisha mkono, na baada ya miaka ya upasuaji na mateso alijiua mwaka 1928. Leo anayepiga picha ya jino husimama mbali au nyuma ya kinga. Somo hilo lilinunuliwa kwa viungo vya watu.

Enzi za Kells wasaidizi walijifunza kwa kutazama, kila mmoja akifuata mtindo wa bosi wake. Huko Bridgeport, Connecticut, daktari wa meno Alfred Fones alimfundisha msaidizi wake Irene Newman kusafisha meno ya wagonjwa mwaka 1906, na mwaka 1913 akafungua shule. Wahitimu wake wakawa kada nyingine, ya wasafisha meno. Waliobaki kando ya kiti wakajitetea wenyewe: Juliette Southard aliwaunganisha wasaidizi wa New York mwaka 1921, na mwaka 1924 kikaundwa chama cha taifa, yeye akiwa rais wa kwanza. Mwaka 1948 ikaanzishwa bodi ya kuwatahini na kuwapa vyeti.

Mapinduzi makubwa yaliletwa na drili ya upepo ya mwaka 1957, iliyozunguka takriban mara 300,000 kwa dakika. Kasi hiyo huchoma jino, kwa hiyo drili hurushiwa maji bila kukoma, na maji hayo hujaa kinywani. Daktari hawezi kutoboa, kufyonza maji, kuzuia ulimi na kupokea vifaa kwa mikono miwili. Viti vya kumlaza mgonjwa vilipoingia, daktari aliyezoea kusimama akaketi upande mmoja, msaidizi akaketi upande wa pili, na tiba ya mikono minne ikawa utaratibu wa kawaida.

Ukimwi ulipojitokeza miaka ya 1980, glavu na barakoa zikawa lazima, na utakasaji wa vifaa kwa mvuke ukakaziwa. Mzigo mkubwa wa kazi hiyo uliangukia mikononi mwa msaidizi. Akiondoa koleo kwenye mashine ya mvuke kabla ya wakati, cheti cha daktari kilichotundikwa ukutani hakimkingi mgonjwa.

Kwa hiyo mwenye kliniki, awe Dar es Salaam au Nairobi, asimtafute msaidizi wa kupokea simu na kubeba trei tu. Ampeleke kwanza darasani, kisha amlipe kama fundi.